Mwavuli Ndani ya Nyumba: Wasanifu wa Japani na Deni la Mvua

Mjini Osaka, mtaa wa Sumiyoshi, ipo nyumba ambayo mwenyewe akitaka kwenda msalani usiku wa mvua hubeba mwavuli. Paa lake halikuezuliwa na upepo, wala aliyeijenga hakuishiwa fedha. Ilikamilika mwaka 1976, kazi ya Tadao Ando, bondia wa zamani aliyejifunza usanifu majengo kwa kusoma peke yake na kusafiri. Kiwanja ni chembamba mno: upana mita tatu na ushei, urefu mita kumi na nne hivi, kimebanwa na nyumba za mbao huku na huku. Ando akainua boksi la zege lisilo na dirisha hata moja upande wa barabarani, akaligawa mafungu matatu, kisha lile la katikati akaliacha ua, juu mbingu tupu. Sebule iko upande huu wa ua, jiko na bafu upande ule. Vyumba vya kulala viko juu, na kati yake kuna daraja lisilofunikwa. Kila safari ya ndani ya nyumba inapita nje.

Husimuliwa kwamba Togo Murano, msanifu mkongwe aliyekwenda kuikagua nyumba hiyo kwa ajili ya tuzo, alisema wanaostahili zawadi ni wakaao humo. Nao hawakuuziba ua ule. Waliendelea kuishi humo miaka na miaka, jua likiingia kwa saa yake na mvua kwa saa yake.

Kila inapotajwa kazi ya wasanifu wa Japani, sifa inayotangulia ni ile ile: Wajapani hujenga kwa maelewano na maumbile. Inaandikwa chini ya picha za nyumba nyeupe zenye mti katikati, inarudiwa katika maonyesho, inauzwa pamoja na tiketi za watalii. Naipinga sifa hiyo, tena naipinga kwa mapenzi, maana inawapunja wale inaowasifu. Inalifanya jambo lile lionekane tabia ya kuzaliwa nayo, kumbe ni kazi ngumu na ghali, yenye makosa mengi na mapatano machache yaliyofaulu. Nchi inayotikiswa na ardhi mara kwa mara, inayopigwa na vimbunga kila mwaka, yenye msimu wa mvua unaootesha ukungu mpaka ndani ya makabati, haiwezi kuyatazama maumbile kama picha ya ukutani. Pale maumbile ni jirani asiyehamika, mwenye haki zake na hasira zake, na kila baada ya muda huja kudai. Swali ninaloliweka mbele ya kila jengo la Kijapani linalosifiwa ni moja tu: deni hilo analilipa nani?

Wa kale walikuwa na jibu lao. Nyumba ya mbao iliinuliwa juu ya nguzo ili hewa ipite chini yake. Paa lilisogezwa mbali nje ya kuta ili mvua isizifikie. Kati ya chumba na bustani pakawekwa engawa, kibaraza cha mbao kinachoizunguka nyumba chini ya upenu, kisichokuwa ndani wala nje. Aliyekulia karibu na baraza za Lamu au Unguja atakielewa upesi, ila tofauti ipo: baraza yetu hutazama wapita njia, engawa hutazama bustani. Wengi huisoma engawa kama falsafa. Mimi kwanza naona upenu mrefu uliookoa mbao zisioze, kisha watu wakagundua kwamba kivuli chake ni pahala pazuri pa kunywa chai.

Na jibu lile lilikuwa na bei. Nyumba iliyofunguliwa kwa ajili ya joto la Agosti huwa barafu Januari. Hadi leo nyumba nyingi za Japani zina madirisha ya kioo kimoja na kuta zisizozuia baridi. Kila majira ya baridi wazee huanguka bafuni, mwili ukishtushwa na kutoka chumba chenye joto, kupita sehemu ya baridi kali, na kuingia kwenye maji ya moto. Ni Aprili 2025 tu ndipo sheria ilipolazimisha kila nyumba mpya ifikie viwango vya kuhifadhi nishati. Nchi iliyotoa mabingwa wa usanifu wanaosifiwa dunia nzima ilichelewa kuwapa wazee wake ukuta wa kuzuia baridi. Jambo hili halionekani pichani, ndiyo maana nalitaja mapema.

Kati ya wanaobeba bendera ya mbao leo, aliye mbele ni Kengo Kuma. Mwaka 1991 alijenga Tokyo jengo liitwalo M2, lenye nguzo moja kubwa kupindukia ya mtindo wa Kigiriki katikati yake, kazi ya enzi ya fedha za kumwaga. Fedha zikapukutika, kazi za mjini zikaadimika, akaenda mashambani. Huko Yusuhara, mji wa milimani katika kisiwa cha Shikoku, alikaa na maseremala na mafundi, na akatoka na imani kwamba jengo linapaswa kujishusha mbele ya mahali lilipo na kuvaa miti na mawe ya pale pale.

Mwaka 2000 imani hiyo ilipata umbo lake zuri kuliko yote. Katika mji unaoitwa leo Nakagawa, mkoa wa Tochigi, yalifunguliwa makumbusho ya michoro ya Hiroshige, yule bingwa wa karne ya 19 aliyeichora mvua kwa mistari myembamba iliyonyooka. Kuma alichukua mistari ile akaifanya jengo. Kuta na paa vyote vilivikwa fito za mwerezi wa milima ya Yamizo iliyo jirani, zimepangwa sambamba kutoka mwanzo wa jengo hadi mwisho, mwanga ukichuja kati yake kama manyunyu. Kwa mbali jengo linalala chini, linataka kuyeyuka kwenye kilima kilicho nyuma yake. Mtu akisema hapendi kazi hii, nitamwomba atazame tena.

Halafu ikaja mvua yenyewe. Baada ya miaka ishirini na minne, Japani nzima iliona picha za fito za paa lile: nyeusi, zimeoza, nyingine zimekatika. Gharama ya ukarabati ilihesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya yeni, mzigo mkubwa kwa mji wa watu takriban elfu 15 ambao idadi yao inapungua, na halmashauri ikaanza kutafuta wachangiaji. Mitandaoni Kuma akawa kichekesho.

Kicheko kile kilinikera, kwa sababu kililenga pasipo. Mbao kuoza si aibu. Mtu wa pwani anajua makuti hayadumu. Baada ya miaka michache huezuliwa, huezekwa mapya, na gharama hiyo imo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza. Tatizo la Nakagawa ni kwamba fito ziliwekwa pahala ambapo seremala wa zamani asingeziweka, yaani juu kabisa, zikitazama mbingu, bila upenu wa kuzifunika. Kazi ya kuzuia maji hufanywa na paa jingine lililo chini yake. Fito ni vazi. Vazi la mbao linaloshinda juani na kulala mvuani linahitaji fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, lenye jina lake, lisiloguswa na kazi nyingine. Jengo lilikuwa na adabu mbele ya kilima, likasahau adabu mbele ya mvua iliyolizaa. Na ninaposema jengo namaanisha wote walioliagiza, waliolichora na waliolipokea kwa shangwe siku ya kukata utepe.

Hata hivyo, nyuma ya Kuma kuna kitu kikubwa kuliko ladha ya mtu mmoja. Thuluthi mbili hivi za ardhi ya Japani ni misitu, na takriban asilimia 40 ya misitu hiyo ilipandwa na watu, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, safu kwa safu za mwerezi uitwao sugi na mti wa hinoki, ili nchi iliyoungua ijengwe upya. Miti ilipokomaa, mbao za kutoka nje zilikuwa zimeshashika soko. Kufikia mwaka 2002, mbao za ndani zilikuwa chini ya moja ya tano ya mbao zote zilizotumika nchini. Mashamba yale yakaachwa bila kupunguliwa, giza likatanda chini yake, udongo wa miteremko ukakosa nyasi za kuushika, na kila machipuko chavua ya sugi huwatoa machozi na kamasi watu wanne hivi kati ya kila kumi. Mwaka 2010 ikatungwa sheria ya kuhimiza mbao katika majengo ya umma. Kwa hiyo mtu akiona maktaba na shule za mbao zikichipuka mikoani, ajue kuna serikali inayotafuta pa kupeleka miti iliyopandwa na babu zao. Kuukata mwerezi huo ni tiba ya msitu, mradi upandwe mwingine au pale paachiwe mchanganyiko wa miti ya asili.

Ndiyo maana Uwanja wa Taifa wa Tokyo, uliokamilika mwaka 2019 kwa mkono wa Kuma na wenzake, una vipenu vilivyovishwa mbao kutoka mikoa yote 47. Mwili wa uwanja ni chuma na zege, lakini wazo la kuuleta kila mkoa mezani kwa kipande cha mti wake ni zuri, nalikubali. Kinachonichoma kiko nje ya geti. Uwanja huo unapakana na Jingu Gaien, bustani iliyokamilika mwaka 1926 kwa michango na nguvu za wananchi. Mpango wa kuiendeleza upya sehemu hiyo kwa maghorofa marefu na viwanja vipya vya michezo unahitaji mamia ya miti ikatwe. Mwanamuziki Ryuichi Sakamoto, akiwa katika siku zake za mwisho mwanzoni mwa mwaka 2023, alimwandikia barua gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, akiomba mpango usimamishwe. Oktoba 2024 misumeno ikaanza. Hatua chache kutoka kwenye vipenu vya mbao za mikoa 47 inaangushwa miti hai ambayo haikuwahi kuwa shamba la mbao la mtu yeyote.

Linganisha na alichokifanya Junya Ishigami huko Nasu, mkoa ule ule wa Tochigi. Kiwanja chenye msitu mdogo kilitakiwa kwa ajili ya hoteli, na miti yake ingekatwa. Ishigami aliichukua miti yote 318, kila mmoja akaupimia nafasi yake kwenye uwanda jirani, akaihamisha, na kati yake akachimba vidimbwi 160 vinavyolishwa na maji yaliyokuwa yakienda mashamba ya mpunga ya zamani. Bustani ilikamilika mwaka 2018. Hapo hapana ukuta wala paa, na bado naihesabu kuwa miongoni mwa kazi kubwa za usanifu wa Japani wa karne hii. Kuna wanaosema ni bandia, kwa kuwa hakuna msitu wa aina hiyo duniani, miti ikisimama kati ya maji bila kuoza mizizi. Ni kweli imetengenezwa, na vidimbwi vimezibwa chini ili maji yasifike kwenye mizizi. Lakini mtu aliyehesabu miti mmoja mmoja na kuibeba, amefanya kile ambacho miti inayokatwa Jingu Gaien haikufanyiwa.

Sasa nifike mahali ninapopafikiria zaidi kuliko pengine pote katika habari hii: kisiwa cha Teshima, katika Bahari ya Ndani ya Seto.

Jina lenyewe lina maana ya kisiwa cha neema. Kina chemchemi, mpunga, samaki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni moja ilianza kumwaga na kuchoma huko taka za viwandani: mabaki ya magari yaliyosagwa, mafuta machafu, matope yenye sumu. Wanakijiji walipinga tangu mwanzo, wakaambiwa na mamlaka za mkoa kwamba hakuna ubaya. Moshi ulipanda kwa zaidi ya muongo hadi polisi wa mkoa wa jirani walipovamia mwaka 1990. Waliobaki na mlima wa taka walikuwa wanakisiwa, wengi wao wazee. Walidai na kuandamana na kukaa mbele ya ofisi za mkoa, na mwaka 2000 wakapata suluhu: mkoa ukaomba radhi na kukubali kuzihamisha taka. Zilisafirishwa kwa meli hadi kisiwa jirani cha Naoshima, zikayeyushwa huko. Kazi ya kuzihamisha ilichukua mpaka mwaka 2017, na jumla yake ilizidi tani laki tisa.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2010, ng'ambo nyingine ya kisiwa hicho hicho, yalifunguliwa Makumbusho ya Sanaa ya Teshima. Msanifu ni Ryue Nishizawa, na msanii ni Rei Naito. Ni ganda moja la zege jeupe, urefu wa mita 60 na upana wa mita 40 hivi, lisilo na nguzo hata moja, kimo chake pale palipoinuka zaidi hakifiki mita tano. Namna lilivyojengwa inanifurahisha kila ninapoikumbuka: walirundika udongo wakauchonga kuwa kilima kidogo, wakamwaga zege juu yake, na lilipokauka wakauchimba udongo na kuutoa kupitia mlangoni. Ganda likabaki limesimama. Juu yake kuna matundu mawili makubwa yasiyo na kioo. Majani, mvua, upepo, sauti za ndege na wadudu huingia vinavyotaka. Sakafuni, kupitia vijitundu visivyoonekana, maji huchomoza tone kwa tone, yakakutana, yakakimbia, yakafanya dimbwi. Hakuna kingine cha kutazama humo. Nje, matuta ya mpunga yaliyokuwa yamegeuka kichaka yalifufuliwa pamoja na makumbusho, na wanakijiji wanayalima.

Hapa ndipo maneno laini kuhusu maelewano yananikera kuliko popote. Mgeni anashuka kwenye boti, anaingia ndani ya ganda lile, anatazama tone la maji, anaondoka akisema Wajapani wanajua kuishi na maumbile. Tone analolitazama liko kwenye kisiwa ambacho wenyeji walipigana robo karne kuokoa maji na udongo wake. Na Naoshima, kisiwa cha jirani ambako Ando alifukia makumbusho ya Chichu ardhini mwaka 2004 ili asiharibu sura ya kilima, kimekuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba tangu mwaka 1917. Moshi wa kiwanda hicho uliua miti ya vilima vya upande wake vikabaki vipara. Bahari hiyo ni miongoni mwa hifadhi za taifa za mwanzo kabisa za Japani, zilizotangazwa mwaka 1934. Hifadhi, kiyeyushio cha shaba, jalala na makumbusho, vyote ndani ya maji yale yale.

Sisemi haya kulishusha ganda la Nishizawa. Kwangu limepanda. Jengo lililo wazi kwa mvua katika kisiwa ambacho mvua yake ilipita kwenye taka zenye sumu limechagua kuliamini tena anga, na wenyeji wamelikubali waamini nalo. Ila mgeni huyo aelezwe. Anayeuza tiketi ya boti amwonyeshe na upande wa pili wa kisiwa, pale jalala lilipokuwa, ndipo aende kulitazama tone.

Machi 11, 2011, tetemeko la kipimo cha 9.0 lilisukuma bahari juu ya pwani ya kaskazini mashariki, na karibu watu elfu 20 walikufa au hawakuonekana tena. Jibu la serikali lilikuwa ukuta. Takriban kilomita 400 za kuta za zege zilipangwa kwenye pwani ile, kwingine zikipanda kupita mita 14. Katika mji wa Rikuzentakata, uliokuwa na msitu wa misonobari takriban elfu 70 ufukweni na ukabaki na mti mmoja tu, ulisimama ukuta wa mita 12.5. Kisha mlima ng'ambo ya mto ukakatwa, udongo wake ukavushwa kwa mikanda mirefu ya mitambo, na ardhi ya katikati ya mji ikainuliwa kwa zaidi ya mita kumi. Wavuvi walioishi kwa kuitazama bahari kila asubuhi ili wajue itakuwaje, sasa hutazama zege. Siwezi kumlaumu aliyepoteza mtoto akitaka ukuta. Ninachokilaumu ni kwamba michoro ya kuta ilitoka kwa wahandisi ikiwa imekamilika, na mjadala wa nani akae wapi ukabaki nyuma.

Msanifu Toyo Ito alikuwa akikaribia miaka sabini wakati ule, na Sendai Mediatheque, jengo la maktaba na sanaa alilolijenga, lililofunguliwa mwaka 2001, lilikuwa limeyumba vibaya katika tetemeko lile na kubaki limesimama. Angeweza kupumzika na sifa hiyo. Badala yake alisema waziwazi kwamba wasanifu wa kizazi chake walijenga vitu vilivyojitenga na maumbile na watu, akaanza kujenga vibanda. Aliviita Nyumba ya Wote: chumba kimoja kikubwa cha mbao kati ya safu za nyumba za dharura, chenye jiko la kuni, meza na engawa, mahali pa waliopoteza majirani kupata wengine. Kile cha Rikuzentakata, alichokichora mwaka 2012 pamoja na Kumiko Inui, Sou Fujimoto na Akihisa Hirata, kilishikwa na magogo ya mierezi iliyouawa na chumvi ya tsunami, bado na umbo la mti. Hadithi ya ujenzi wake ilipata tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya usanifu kule Venice mwaka huo huo. Baadaye, ardhi ilipofika zamu ya kuinuliwa, jengo lilifunguliwa kipande kwa kipande likahifadhiwa. Maji yaliyoua miti ndiyo yaliyoleta nguzo. Sijui jengo jingine la kisasa lililoandika hesabu yake na bahari kwa uwazi namna hiyo.

Kazi ya Shigeru Ban inagusa huku kwetu moja kwa moja. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, zaidi ya watu milioni mbili walikimbia makwao. Aliyekuwa Ngara au Goma mwaka ule anakumbuka vilima vilivyogeuka vipara kwa wiki chache. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi liligawa maturubai. Watu wakakata miti kupata mirunda ya kuyashikilia. Likagawa milingoti ya alumini; watu wakaiuza, maana alumini ni fedha, wakarudi kukata miti. Ban alipeleka wazo lake Geneva: milingoti ya karatasi ngumu iliyoviringishwa kama bomba, iliyotokana na karatasi zilizokwisha tumika, imara kushika turubai, isiyo na bei sokoni. Mwaka 1999 vibanda 50 vya namna hiyo vilijaribiwa katika kambi ya Byumba, Rwanda. Alikuwa amekwisha kuyatumia mabomba hayo Kobe baada ya tetemeko la Januari 1995, misingi ikiwa kreti za bia zilizojazwa mchanga.

Nalipenda wazo lile kwa sababu lilianza na swali la fundi: kwa nini mtu anaukata mti huu? Hakuja na hotuba ya kuwafundisha wakimbizi kupenda misitu. Aliona kwamba mama mwenye watoto wanne chini ya mvua ataukata mti wowote ulio karibu, na ana haki, basi akatafuta kitu cha kumpa badala yake. Katika Japani yote ya zege jeupe na fito nyembamba, mlingoti ule wa karatasi ndio ninaouweka karibu kabisa na mwavuli wa Sumiyoshi.

Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 2025 yaliyarudisha maswali haya yote kwa pamoja. Sou Fujimoto alizungushia uwanja pete ya mbao yenye mzunguko wa kilomita mbili hivi, ikaingia kwenye rekodi za dunia kuwa jengo la mbao kubwa kuliko yote, maungio yake yakifuata ufundi wa mahekalu wa kupenyeza boriti ndani ya nguzo, ingawa yalikazwa kwa chuma. Watu walitembea juu yake jioni wakitazama bahari, na picha zao zina furaha ya kweli. Pete ilisimama Yumeshima, kisiwa cha kutengenezwa, kilichojazwa taka na matope yaliyochimbwa baharini. Machi 2024, wakati wa ujenzi, gesi ya methani iliyotoka kwenye taka hizo ililipuka. Iliamuliwa kwamba baada ya maonyesho kufungwa Oktoba 13, ibaki sehemu ya pete ya mita 200 hivi tu. Mbao nzuri kiasi kile, kwa miezi sita. Naona ni nyingi mno, na maungio ya kupenyeza yanayofunguka bila kuharibu mti yananipa haki ya kudai kwamba kila boriti ifuatiliwe ilikokwenda.

Maana wapo wanaojua kufuatilia. Hekalu la Ise hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwa vipimo vile vile, kwenye kiwanja cha pembeni, na mbao za zamani hugawiwa mahekalu mengine nchini. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Ijayo ni mwaka 2033, na ibada ya kwanza ya maandalizi ilifanyika Mei 2025. Kwa karne nyingi hinoki za kutosha hazikuwepo tena katika msitu wa Ise wenyewe, zikawa zinaletwa kutoka milima ya mbali. Mwaka 1923 wasimamizi waliandika mpango wa miaka 200 wa kuurudisha msitu ule, na mwaka 2013, baada ya takriban miaka 700, sehemu ya mbao ilitoka tena kwenye milima ya hekalu. Miti iliyochaguliwa kuachwa inenepe imepigwa mikanda miwili ya rangi nyeupe kwenye shina. Wafanyakazi wa msitu huizunguka, hukata ile inayoibana, na kuirudishia rangi inapofifia, kwa ajili ya seremala atakayezaliwa karne ijayo.